Kopo la Kahawa na Kindi wa Ziwa Kuikka

Jumatatu, 5 Mei

Barua ya manispaa imefika. Bahasha nene. Bahasha nene haijawahi kuniletea heri tangu nipate akili.

Wanataka kuligeuza Ziwa Kuikka kuwa bustani ya watu wote. Ziwa langu! Haya, kwenye makaratasi ni la manispaa, lakini miaka yote hii hakuna aliyelitaka ila mimi na mbu. Matete, tope, miti iliyoangukiana. Leo ghafla wameona ni zuri. Njia ya mbao kulizunguka lote, mnara wa kutazamia ndege, mahali pa kuchomea soseji.

Nikaitazama ramani. Njia inapita kati ya mlango wa sauna yangu, kibanda changu cha kuogea mvuke, na maji. Kati kabisa! Kila Jumamosi natoka humo kama nilivyozaliwa, mwekundu, nafuka mvuke, nakimbilia ziwani. Hatua kumi na moja. Sasa kwenye hatua ya sita nitakutana na wastaafu wa Helsinki wameshika darubini.

Na kuna baya zaidi. Sauna yenyewe imesimama hatua nne ndani ya ardhi ya manispaa. Baba aliijenga mwaka 1956, na mipaka aliipima kwa macho. Mwaka uliofuata mama akanizaa humo humo, juu ya benchi la chini. Hakuna mtu aliyewahi kuuliza. Sasa barua inasema: "Tungependa kuzungumza nawe kuhusu jengo lililo ufukweni." Kuzungumza! Nawajua hawa. Wanaibomoa.

Vieno, mke wangu, kaniambia nisome na ukurasa wa pili. Nikamwambia katika nchi hii ukurasa wa pili wa barua ya ofisi ni uleule siku zote: namna ya kukata rufaa, kwa nani, ndani ya siku ngapi. Hakuna Mfini mwenye akili timamu anayeusoma. Akasema basi afadhali niwe wa kwanza. Nikaenda kuwasha sauna ingawa leo si Jumamosi. Nilihitaji kufikiri. Ukurasa wa pili nimewashia moto. Umeshika mara moja.

Jioni Tauno kapiga simu. Huyu ni kaka yake Vieno, yaani shemeji yangu, anakaa ng'ambo ya ziwa na ni mwenyekiti wa chama cha kijiji. Pole sana shemeji, anasema, kwa sauti ya mtu anayepaka siagi kwenye mkate. Eti ninunue bukta.

Bukta! Mimi!

Jumanne, 6 Mei

Nimepata dawa. Iko kwenye gazeti, ukurasa wa saba, chini ya tangazo la matairi.

Wilaya ya jirani barabara nzima imesimama mwaka wa sita kwa sababu ya kindi wa kuruka. Wala kindi mwenyewe hakuna aliyemwona. Wameona mavi yake tu! Punje ndogo rangi ya haradali, chini ya mti. Sheria inamlinda huyo mnyama kuliko inavyonilinda mimi. Palipo na punje zake, shoka haliingii, trekta haliingii, na njia ya mbao, ninavyoelewa, haiingii.

Nikaendesha gari hadi kwa binamu yangu Oiva. Ana msitu mkubwa na ana kindi hao mpaka wamemchosha. Nikamwomba mavi. Oiva akanitazama muda mrefu. Akatazama mti. Akauliza ya nini. Nikasema ya waridi za Vieno. Akatazama mti mwingine. "Sawa," akasema. Ndiyo maana nampenda Oiva, hana maneno.

Nimejaza kopo la kahawa pomoni. Lile lenye kibonyeo ubavuni. Nimelificha juu ya rafu ya jikoni, kati ya makopo mengine ya kahawa, mahali ambapo hakuna atakayeshuku.

Alhamisi, 8 Mei

Asubuhi kweupe, kabla ya chai, nikaenda kazini.

Mti mmoja ungetosha. Nalijua hilo. Gazeti lilisema mti mmoja unatosha. Lakini mimi si mtu wa kufanya kazi nusunusu. Nikaweka konzi chini ya msonobari ulio karibu na sauna. Nikasimama nikautazama. Ukaonekana mpweke. Nikaongeza wa pili. Wa tatu ulikuwa njiani. Nilipofika wa kumi niliona ni ujinga kuacha bila kumaliza mstari. Jumla miti kumi na minne, pwani yote ya upande wangu. Nikirudi nyumbani nilikuwa naimba.

Saa tatu Vieno akaniuliza kama tumbo liko sawa. Nikamwambia liko sawa, kwa nini? Kumbe Tauno alikuwa barazani kwake na darubini! Kampigia dada yake kumwarifu kwamba mumeo anachuchumaa chini ya kila mti ufukweni, mmoja baada ya mwingine, na inaonekana hali ni mbaya.

Ningesema nini? Nikakubali tumbo linauma. Nimekunywa mabakuli matatu ya uji wa bluberi, dawa ya tumbo ya mama mkwe. Mchana nilipoenda dukani muuzaji akaniuliza, kwa sauti ya upole, naendeleaje. Tauno ana mdomo mpana kama mlango wa ghala.

Acha wacheke. Sauna itabaki.

Jumamosi, 10 Mei

Siku ya msaragambo. Kijiji kizima kimekuja kufyeka njia, na sepetu, na mapanga, na mikate ya iliki. Tauno alivaa fulana ya kung'aa na filimbi shingoni. Filimbi! Watu kumi na tisa, wote wanajua kushika sepetu, na yeye anapuliza.

Nami nilishika sepetu yangu nikijifanya sina habari. Tulipokaribia msonobari wa kwanza nikasimama. Nikainama. Nikasema, polepole, kama mtu asiyeamini macho yake: "Jamani. Hivi hiki ni nini?"

Tauno akasema watu wote wanajua ni nini, na wote wanajua ni cha nani, na pole tena shemeji. Watu wakacheka hadi mmoja akaketi chini.

Nilijikaza. Nikamwita bibi wa manispaa, Pilvi, anayesimamia bustani. Ni mwanamke mwema, ana miwani ya kijani na hakuvunjii heshima hata anapokukatalia. Akaja na mtaalamu wake wa wanyama, msichana anaitwa Hilppa, buti za mpira mpaka magotini. Hilppa akapiga magoti. Akatoa lenzi. Tauno akaacha kupuliza.

"Kindi wa kuruka," akasema Hilppa.

Furaha niliyopata sijui niielezeje. Nikakunja uso ili isionekane. Hilppa akaenda mti wa pili. Wa tatu. Kwenye wa saba alianza kuhesabu kwa sauti. Kwenye wa kumi na minne alivua kofia akafuta macho. Akasema hajawahi kuona kitu kama hiki, na mwalimu wake hajawahi, na hata mwalimu wa mwalimu wake.

Msaragambo ukavunjwa hapo hapo. Soseji zikaliwa kabla ya saa sita. Nimekula nne.

Jumapili, 11 Mei

Sikukuu ya Akina Mama. Desturi ni desturi: mke anabaki kitandani, mume anapeleka kahawa na keki. Binti yetu kanipigia kunikumbusha, kama vile mimi huwa nasahau. Nilikuwa nimesahau.

Miwani sikuiona. Nikapika kahawa kwa kupapasa. Vieno akaonja, akaonja tena. Akasema leo kahawa ina harufu ya msitu. Akasema ni nzuri! Akanywa vikombe viwili. Tauno akaja na maua kwa ajili ya dada yake, naye akanywa vitatu, akasema kwa mara ya kwanza katika nyumba hii amepewa kahawa yenye nguvu.

Baada ya hapo nikaipata miwani. Ilikuwa juu ya rafu ya jikoni, kando ya kopo lenye kibonyeo ubavuni. Kopo lilikuwa wazi. Vumbi la zile punje zilizobaki limepungua nusu.

Mama wee!

Nimewatazama wote wawili mchana kutwa. Hawana dalili yoyote. Tauno alionekana mchangamfu kuliko kawaida. Nimeamua kunyamaza. Vieno kaniagiza ninunue kahawa ya namna ile ile.

Jumatano, 14 Mei

Pilvi kaja na ramani mpya. Nilimkaribisha kwa bashasha, nikampa keki.

Njia imehamishwa! Upande wangu wote umefutwa. Mnara, mahali pa soseji, kila kitu kimepelekwa ng'ambo, kwa Tauno. Nikamwona Tauno akilini, yuko barazani, wastaafu wa Helsinki wanapita mbele ya dirisha lake mchana kutwa, na nikashukuru kwa moyo wangu wote.

Halafu nikauliza, ile duara nyekundu ni nini.

Pilvi akasema ni eneo la kindi. Miti kumi na minne, duara kumi na nne, zimeungana zikawa duara moja kubwa. Ungekuwa mti mmoja, akasema, wangezungushia kamba kidogo basi. Lakini kundi kubwa hivi! Humo ndani hakuna kupasua kuni, hakuna moshi, hakuna kukimbiakimbia. Hadi mwisho wa Agosti, na pengine daima.

Nikamwambia sauna yangu imo ndani ya duara.

Akaniambia ndiyo, na ameumia sana, hasa kwa sababu ya lile pendekezo. Pendekezo gani? Akanishangaa. Si lile la ukurasa wa pili wa barua! Manispaa ilitaka sauna ibaki palepale iwe sauna ya bustani, ipewe jina la baba, na mimi niwe msimamizi wake na mshika ufunguo maisha yangu yote. Njia ingepindishwa nyuma yake, na mbele ungewekwa uzio wa mbao hadi majini, ili mtu akitoka asionekane. Walisubiri jibu langu tu.

Jina la baba juu ya mlango, jamani. Mzee yule aliyepima kwa macho.

Vieno hakusema "nilikuambia". Alikata kipande cha keki, akakila taratibu, akinitazama tangu mwanzo hadi mwisho.

Alhamisi, 15 Mei

Mpango mpya. Kilichowekwa kinaweza kuondolewa.

Asubuhi nimekwenda na chujio la unga la Vieno. Nimechuja chini ya miti mitatu. Mgongo wangu! Kwenye mti wa nne kitu kikalia "chik". Nikatazama juu. Kamera ndogo imefungwa kwenye shina. Chik.

Mchana Hilppa kapiga simu. Nikajua kimenuka. La hasha! Ameniona kwenye picha na amefurahi mno kwamba mwananchi wa kawaida anajitolea kuhesabu vinyesi kwa chujio. Ananiletea fulana ya mlinzi wa mazingira wa kujitolea. Ina picha ya kindi kifuani.

Jumamosi, 17 Mei

Jumamosi ya kwanza katika maisha yangu bila sauna ya baba. Hata mwaka niliovunjika mguu walinibeba.

Vieno akasema twende kwa Tauno. Nikasema afadhali nioge kwenye ndoo. Akasema sawa, ndoo ile pale. Tukaenda kwa Tauno.

Sauna ya Tauno ina jiko la umeme. Unabonyeza kitufe! Hakuna kuni, hakuna moshi, hakuna harufu. Kuna taa inayobadilika rangi. Tauno alikaa juu karibu na ndoo na hakuniachia kata ya maji hata mara moja. Mimi nilikuwa bluu, halafu kijani. Akanieleza kibanda chake cha mikate kando ya njia mpya, na wageni watakaokuja, na kwamba kwa vile ananihurumia mimi shemeji yake, naweza kuosha vikombe. Nilipotoka kukimbilia ziwani nikakuta amejenga ngazi yenye reli. Nikashuka ziwani kama mtu anayeshuka ngazi za benki.

Nikiwa majini nikaiona yangu, ng'ambo, imefungwa, bomba halitoi moshi. Nililia kidogo. Maji yalikuwa kila mahali usoni, hakuna aliyejua.

Jumatatu nakiri kila kitu. Nimeamua. Mbele ya watu wote.

Jumatatu, 19 Mei

Nimekiri.

Manispaa ilikuwa inasimamisha kibao cha bustani kule kwa Tauno. Kijiji chote kilikuwepo, na kahawa, na mikate. Pilvi alipomaliza kusema nikapanda juu ya jiwe, nimevaa ile fulana ya kindi, nimeshika kopo. Nikasema hakuna kindi. Nikasema ni mimi. Nikasema punje zote zimetoka kwa binamu yangu Oiva, nilizileta ndani ya kopo hili, na nilizimwaga chini ya miti yote kumi na minne ili sauna ya baba yangu isibomolewe. Nikasema nisameheni, futeni duara, nipeni ukurasa wa pili.

Hata mbu walitua.

Hilppa ndiye aliyesogea kwanza. Uso wake ulikuwa umepauka, na hapo ndipo nilipojiona mtu mbaya kwelikweli. Hakunigombeza. Akatoa simu yake akanionyesha picha ya jana, kutoka kamera ya mti wa nne.

Ilikuwa sauna yangu. Chini ya paa, kwenye lile tundu nililopanga kuziba tangu miaka ya tisini, palikuwa na macho. Makubwa, meusi, mazuri. Na nyuma yake macho mengine madogo, jozi tatu. Hilppa akasema kindi jike huhama na watoto akipata mahali pakavu, patulivu, pasipo na moshi. Sauna ilikuwa imefungwa siku nne tu, na yeye akahamia! Kwa hiyo zile punje zangu, akasema, anazifuta kwenye daftari. Ila duara ya sauna inabaki. Sauna haiwezi kubomolewa, kwa sababu ni kiota. Wala kuwashwa, kwa sababu ni kiota.

Pilvi akavua miwani yake ya kijani, akaifuta, akasema ameamua kwamba leo upepo ulikuwa mkali na hakusikia kila kitu.

Ningepona hapo. Haki ya Mungu ningepona. Lakini Vieno alikuwa amesogea karibu na anatazama kopo. Alikuwa anatazama kibonyeo cha ubavuni. Akaniuliza, kwa upole sana, kama hili ni lile kopo la Sikukuu ya Akina Mama.

Tauno alikuwa na mkate mdomoni. Aliacha kutafuna.

"Vikombe vitatu," akasema. Hakuniambia mimi. Aliliambia ziwa.

Jumanne, 20 Mei

Naandika nikiwa kwenye banda la kuni. Vieno amenipa blanketi, sufuria, na kopo jipya la kahawa ambalo amelifunga kwa utepe wa gundi na kusaini juu ya mfuniko. Anasema nitarudi ndani atakapoacha kusikia ladha ya msitu. Hajui itakuwa lini. Tauno haongei na mimi, na katika haya yote hilo pekee limekwenda vizuri.

Nimekuwa na muda wa kutafakari. Nimejitafakari kwa undani kabisa, kama saa moja na nusu. Nimeona makosa yangu wazi. Kosa langu lilikuwa punje. Ningetumia bundi. Bundi anamla kindi, kindi anahama, paa linabaki tupu, naiwasha sauna. Oiva ana bundi wawili. Kesho nampigia. Nitamwambia ni kwa ajili ya waridi.

Kitu kingine. Saa nne mtu wa posta kaleta barua ya manispaa, bahasha nene. Vieno kanipitishia kwa mwanya wa mlango. Ukurasa wa kwanza unasema: "Sauna iliyo ufukweni imefungwa kwa sababu ya kiota. Manispaa imepata namna ya kukusaidia wewe na familia yako, kama inavyoelezwa katika ukurasa unaofuata. Tafadhali jibu kabla ya Ijumaa."

Ukurasa unaofuata! Rufaa. Kwa nani, ndani ya siku ngapi. Mimi si mtoto.

Kuni za humu ni mbichi na nilikuwa nahangaika na moto wa kahawa tangu asubuhi. Umeshika mara moja.